Namungo alifungwa akaenda Afrika, Coastal akafungwa akabaki Tanga: tiketi ya kombe inavyohama

Swali

"Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni Mgosi, nashabikia Coastal Union tangu utotoni, na kuna jambo ambalo kijiweni kwetu linazua ubishi kila msimu. Mwaka 2020 Namungo alifungwa na Simba fainali ya Kombe la FA, lakini akaenda kucheza Afrika. Mwaka 2022 sisi tulitoka 3-3 na Yanga fainali, tukafungwa kwa penalti, na Yanga tayari alikuwa bingwa wa ligi. Mbona tiketi hatukupewa sisi, akapewa Geita Gold ambaye fainali hakuiona? Tulionewa?"

Jibu

Wa alaikum, ndugu yangu wa Tanga. Hamkuonewa, ingawa naelewa kwa nini mliona hivyo, maana matukio mawili yanafanana kwa sura na yanatofautiana kwa jambo moja lisiloonekana uwanjani. Mwaka 2020 Tanzania ilikuwa na nafasi moja tu katika Kombe la Shirikisho Afrika, na nafasi hiyo iliambatanishwa na Kombe la FA. Mshindi alipokuwa na tiketi nyingine ya ligi, ile ya kombe ikateremka kwa aliyefungwa fainali. Mwaka 2022 nafasi zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya mshindi wa kombe, ya pili ya mshindi wa tatu wa ligi. Mshindi wa kombe alipokuwa na tiketi tayari, nafasi yake ilishuka kwenye msimamo wa ligi, ikatua kwa wa nne. Huyo alikuwa Geita Gold.

Kabla ya kwenda ndani, tuelewane majina, kwa sababu nusu ya ubishi wa vijiweni unaanzia hapo. Mashindano yetu ya mtoano yaliyorudi msimu wa 2015/16 yaliitwa Kombe la Shirikisho la Azam Sports, na tangu 2023/24 yanabeba jina la Benki ya CRDB. Mashindano ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, nayo tunayaita Kombe la Shirikisho. Mtu akisema "ameingia Shirikisho" huwezi kujua anasema la nyumbani au la Afrika. Hapa la nyumbani nitaliita Kombe la FA, kama watu wengi wanavyoliita, na la CAF nitaliita Shirikisho Afrika.

Sasa tuuchukue msimu wa 2019/20, kwa sababu ndio uliozaa swali lako. Timu za Ligi Kuu ziliingia Kombe la FA kwenye raundi ya 64 bora. Timu 64 kwenye mtoano wa mechi moja maana yake ni mechi 63, kwa kuwa kila mechi inamtoa mmoja na lazima watolewe wote isipokuwa bingwa. Kwa timu moja ni mechi sita tu mpaka kombe. Simba msimu ule ilipita kwa Arusha FC, Mwadui, Stand United (kwa penalti, kule Shinyanga), Azam, Yanga, kisha Namungo. Ligi ya msimu huohuo ilikuwa na timu 20, yaani mechi 38 kwa kila timu. Linganisha sita na 38 utaona kwa nini klabu ya mkoani inalitazama Kombe la FA kama mlango wake: huhitaji kikosi kipana cha kustahimili miezi tisa, unahitaji jioni sita nzuri na droo isiyokuwa na kinyongo nawe.

Na jioni hizo zinatokea. Desemba 2017 Simba ikiwa bingwa mtetezi ilitolewa kwa penalti na Green Warriors, timu ya Daraja la Pili. Desemba 2018 ikafungwa 3-2 na Mashujaa ya Kigoma, iliyokuwa Daraja la Kwanza. Matokeo ya aina hii hayaishii kwenye kicheko cha watani. Simba ilipotolewa mapema ule msimu wa 2017/18, kombe lilibaki wazi, na fainali ya Arusha ikawa Mtibwa Sugar dhidi ya Singida United. Mtibwa ilishinda 3-2 ikaenda Shirikisho Afrika bila kuwa hata kwenye tatu bora za ligi. Hiyo ndiyo njia iliyonyooka: unabeba kombe, unaondoka nalo na tiketi.

Msimu wa 2019/20 haukunyooka hivyo. Corona ilisimamisha soka katikati ya Machi 2020, ligi ikarudi Juni. Tarehe 28 Juni Simba ilitoka 0-0 na Tanzania Prisons pale Sokoine, Mbeya, ikatangaza ubingwa wa ligi. Tiketi ya Ligi ya Mabingwa ikawa yake siku ile. Kombe la FA wakati huo lilikuwa bado halijafika nusu fainali, na hapo ndipo penye utamu ambao wengi waliupitia mbali. Nusu fainali moja ilikuwa Namungo dhidi ya Sahare All Stars, majirani zako wa Tanga waliokuwa Daraja la Kwanza. Namungo ikavuka. Nusu fainali ya pili, tarehe 12 Julai, ilikuwa Simba dhidi ya Yanga.

Ebu simama hapo uitazame hesabu. Kama Yanga ingeshinda siku hiyo, fainali ingekuwa Yanga dhidi ya Namungo, timu mbili zisizo na tiketi, na anayeshinda anakwenda Afrika. Simba ikishinda, fainali inakuwa kati ya mwenye tiketi na asiye nayo, kwa hiyo asiye nayo anakwenda hata akifungwa. Simba ilishinda 4-1. Kipenga cha mwisho cha mechi ile, ambayo Namungo haikucheza, ndicho kilichoipeleka Namungo Afrika. Fainali ya Agosti 2 kwenye Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga, ilibaki ya kombe na heshima. Simba ikashinda 2-1.

Aliyeumia zaidi na utaratibu ule wala hakuwa Namungo. Ilikuwa Yanga. Ilimaliza ligi ya pili, Namungo ikamaliza ya nne ikiwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu, lakini msimu wa 2020/21 Yanga ilikaa nyumbani na timu ya Ruangwa ikapanda ndege. Ukiona mtu wa Yanga anauchukia mfumo wa nafasi moja, ana sababu. Binafsi nauona ulikuwa wa haki kwa maana moja: shindano ni la makombe, basi anayefika mwisho wa kombe ndiye apewe. Ila haki hiyo ina tobo, nitalieleza nikifika Uingereza.

Namungo haikwenda kutalii. Mechi zake za nyumbani ilizichezea Dar es Salaam, mbali na Ruangwa, kwani CAF hukagua viwanja kabla ya kuvikubali. Ilimpita Al Rabita wa Sudan Kusini, ikamtoa Al Hilal Obeid wa Sudan, kisha ikapangiwa Primeiro de Agosto wa Angola. Februari 2021 ilifika Luanda, vipimo vya Corona vikaleta mgogoro, baadhi ya msafara ukawekwa karantini na mechi haikuchezwa. CAF ikaamua mechi zote mbili zichezwe Dar es Salaam. Namungo ikashinda 6-2, ikafungwa 3-1, ikapita kwa jumla ya 7-5. Kwenye makundi ilipangwa na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, ikapoteza zote sita.

Watu walicheka kupoteza sita. Mimi nakuomba uzihesabu vizuri, maana zinahusiana moja kwa moja na swali lako la 2022. CAF hugawa nafasi kwa pointi za miaka mitano. Nchi 12 za juu hupata timu nne, mbili kila shindano. Zilizobaki hupata mbili, moja kila shindano. Katika Ligi ya Mabingwa, kufika robo fainali ni pointi 3, kumaliza wa tatu kwenye kundi ni 2, wa nne ni 1. Katika Shirikisho Afrika robo fainali ni 2, wa tatu kwenye kundi ni 1, wa nne ni 0.5. Kisha pointi huzidishwa kwa umri wa msimu: msimu mpya kabisa mara 5, uliotangulia mara 4, na kushuka hivyo mpaka 1.

Tanzania baada ya msimu wa 2020/21 ilikuwa hivi. Mwaka 2018 Yanga ilimaliza ya nne kwenye kundi la Shirikisho Afrika, 0.5 mara 2, ni 1. Msimu wa 2018/19 Simba ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, 3 mara 3, ni 9. Msimu wa 2019/20 hakuna timu yetu iliyofika makundi, sifuri. Msimu wa 2020/21 Simba tena robo fainali, 3 mara 5, ni 15. Na Namungo, wa mwisho kwenye kundi, 0.5 mara 5, ni 2.5. Jumla 27.5. Nchi ikarudi kwenye 12 bora, na nafasi zikawa nne. Ile sifuri ya 2019/20 ndiyo iliyokuwa imetushusha hadi nafasi mbili. Kwa hiyo timu iliyopata tiketi kwa kufungwa fainali ilichangia kurudisha nafasi nne, na nafasi nne ndizo zilizobadilisha njia ya tiketi mliyokuwa mnaisubiri nyinyi mwaka 2022. Najua si faraja, lakini ndivyo mambo yalivyoshikana.

Tuje kwenye misimu ya nafasi nne. Mgawanyo wake ni huu: bingwa na mshindi wa pili wa ligi wanakwenda Ligi ya Mabingwa, mshindi wa Kombe la FA na mshindi wa tatu wa ligi wanakwenda Shirikisho Afrika. Mshindi wa kombe akiwa tayari ni mmoja wa hao wengine, anaingia wa nne.

Nyinyi hamkuwa wa kwanza kuangukia hapo. Mwaka 2019 Azam iliifunga Lipuli 1-0 kwenye fainali pale Ilulu, Lindi. Azam ilikuwa ya tatu kwenye ligi, nafasi zikawa nne msimu ule, na aliyeongezwa alikuwa KMC, wa nne. Lipuli, yaani Wanapaluhengo, walibaki Iringa. Mwaka 2021 fainali ya Kigoma ilikuwa Simba 1-0 Yanga, wote wawili wakiwa na tiketi za Ligi ya Mabingwa, hivyo Shirikisho Afrika wakaenda Azam wa tatu na Biashara United wa nne. (Biashara ilimfunga Al Ahli Tripoli nyumbani, kisha haikusafiri kwenda Libya kwa marudiano, ikatolewa. Tiketi bila mipango ya safari ni karatasi tu, na viongozi wa klabu za mikoani walifikirie hilo tangu Aprili.)

Halafu ikaja yenu, Julai 2, 2022, Sheikh Amri Abeid, Arusha. Ninyi mlimtoa Azam nusu fainali kwa penalti, Yanga akamtoa Simba. Abdul Suleiman 'Sopu' akafunga mara tatu peke yake. Dakika 90 zilikwisha 2-2. Sopu akawapeleka mbele kwenye muda wa nyongeza, Denis Nkane akasawazisha, 3-3. Penalti 4-1. Mtu anayefunga mabao matatu fainali na kuondoka mikono mitupu anastahili kuhurumiwa na kila mpenda soka, lakini kanuni haina pa kuhesabia mabao hayo. Yanga ilikuwa bingwa wa ligi, Simba ya pili, Azam ya tatu, Geita Gold ya nne. Geita ilikuwa imetolewa na Yanga hiyohiyo kwenye robo fainali, tena kwa penalti, lakini pointi zake za ligi zilikuwa mfukoni.

Tambua kwamba kama mngeshinda zile penalti, Geita ndiyo ingebaki. Mngekwenda nyinyi na Azam. Kwa hiyo tofauti kati ya mwaka wenu na wa Namungo si kwamba nyinyi mlinyimwa kitu. Ni kwamba Namungo haikuhitaji kushinda fainali, na nyinyi mlihitaji.

Na si sisi tu tuliopita njia hii. Mashabiki wa soka la Uingereza watakumbuka Stoke City ilifungwa 1-0 na Manchester City fainali ya Kombe la FA mwaka 2011, ikaenda Europa League kwa sababu City ilikuwa imefuzu Ligi ya Mabingwa. Hull City nayo ilifungwa 3-2 na Arsenal mwaka 2014, ikaenda. Mwaka mmoja baadaye Aston Villa ikafungwa 4-0 na Arsenal hiyohiyo, haikwenda popote. UEFA ilikuwa imebadilisha: aliyefungwa fainali hana tena haki, nafasi inarudi kwenye ligi. Tobo niliyoisema ndiyo hii. Chini ya utaratibu wa zamani timu inaweza kukata tiketi nusu fainali, na fainali yenyewe ikapoteza uzito kwa upande mmoja, kama ilivyokuwa Sumbawanga. Utaratibu wa sasa unailazimisha timu ndogo kushinda fainali. Ni mgumu zaidi kwake, lakini fainali inabaki fainali.

Ukitaka kujua mwenyewe nani anakwenda, kila msimu unapofika nusu fainali fanya hivi. Kwanza ujue nchi ina nafasi nne au mbili msimu ujao. Hilo lipo kwenye orodha ya CAF, na liangalie tena mwisho wa msimu, kwa sababu mwaka 2019 wengi walikuwa wakihesabu nafasi mbili tu. Pili, soma kanuni za msimu ule zilizotolewa na TFF, kifungu cha uwakilishi wa kimataifa. Usitumie za mwaka juzi. Kanuni hutolewa kila msimu na hurekebishwa. Tatu, chukua msimamo wa ligi, chora mstari chini ya timu ya nne.

Ukishachora huo mstari, kazi imekwisha karibu yote. Nafasi zikiwa nne, mshindi wa kombe akitoka juu ya mstari, wanaokwenda ni wale wanne wa ligi bila mabadiliko. Awe wa kwanza au wa nne, majina ni yaleyale. Kombe linabadilisha orodha pale tu linapobebwa na timu ya tano kwenda chini, au ya daraja la chini; hapo wa nne anadondoka. Tangu 2019, katika misimu yetu ya nafasi nne, hilo halikutokea hata mara moja hadi kufikia 2025: Azam 2019, Simba 2021, Yanga 2022, 2023, 2024 na 2025, wote kutoka juu ya mstari.

Kutokana na hapo utajua pia umshangilie nani. Timu yako ikiwa ya nne na imeshatolewa kombe, omba wakubwa walibebe. Ikiwa ya saba na iko nusu fainali, hakuna wa kumtegemea, lazima ilibebe yenyewe. Makosa ninayoyasikia mara nyingi ni shabiki wa timu ya nne kumshangilia mnyonge kwenye nusu fainali kwa sababu ya utani na Simba au Yanga. Anaishangilia timu inayokuja kumnyang'anya tiketi.

Hili nyinyi Wagosi wa Coastal mmelipitia, pengine bila kulitambua. Mei 2024 mlifungwa 3-0 na Azam kwenye nusu fainali pale Kirumba, Mwanza, na nadhani mlizima televisheni mkiwa na hasira. Lakini kwenye ligi mlikuwa mnapigania nafasi ya nne. Siku iliyofuata, Arusha, Yanga ilikuwa inacheza na Ihefu, timu iliyokuwa chini yenu kwenye msimamo. Mechi ikaenda mpaka muda wa nyongeza. Kama Ihefu ingepita na kuifunga Azam fainali, nafasi ya nne isingekuwa na thamani yoyote kwa Afrika. Yanga ikashinda 1-0. Kuanzia dakika ile fainali ilikuwa ya Yanga na Azam, wote wa juu ya mstari, na mlichobakiwa nacho ni kumaliza wa nne tu. Mkamaliza. Zile penalti za Zanzibar, 6-5 kwa Yanga baada ya 0-0, hazikuwa na la kuwaongezea wala kuwapunguzia, na Agosti mkasafiri kwenda Angola kucheza na Bravos do Maquis.